Moto wa Shimba usiletwe Arabuko

Wasee, nikiposti tu kuhusu Arabuko-Sokoke, lazima mmoja aulize: "Mbona Marekani wanachoma misitu ili ipone? Si na sisi tuchome?"

Ni kweli wanachoma. Kule kusini kuna misonobari ya longleaf ambayo mbegu zake huota vizuri kwenye udongo ulio wazi, na miche yake hustahimili moto. Hata hapa Pwani, Shimba Hills, KWS wametumia moto wa mpango ili nyasi zichipue upya, palahala wapate malisho.

Lakini msitu wetu wa Gede ni mwingine kabisa. Sengi wa hapa hujenga kiota chake kwa majani makavu yaliyoanguka, na humo humo ndimo anatafuta wadudu. Ukichoma majani, umechoma nyumba na jikoni. Pia kuna familia zinazofuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo tangu 1993, na viwavi wao hula majani ya miti ya msitu.

Kwa hivyo mimi nasema hivi: usinywe dawa ya jirani kabla hujajua unaumwa nini. Arabuko inaumizwa na panga na makaa. Tuanzie hapo. Nani anabisha?