Bomba Lipitalo Ukutani

Nyumba ya mama yangu iko Makambako, mji wa upepo, mahali njia ya Njombe na Songea iachanapo na ile ya Mbeya. Tulipoazimia kuingiza maji jikoni, nililoliogopa si bomba bali tundu lake. Matofali yetu ni ya kuchoma, lakini yameunganishwa kwa udongo. Na udongo ukinywa maji kidogo kidogo, ukuta hulainika kwa siri hata siku uwaangukiapo waliolala.

Fundi alikuja na nyundo kubwa. Mama akamwambia, “Mwanangu, ukuta huu aliujenga marehemu mume wangu, usiupige kama nyoka.”

Basi akatwaa tindo nyembamba, akachonga polepole, akiliinamisha tundu kidogo upande wa nje, ili mvua isukumwayo na upepo isiteremkie ndani. Kisha akatia kipande cha bomba pana, na ndani yake akapitisha bomba la maji, zima, lisilo na kiungo ukutani. Wengi hulikandika kwa saruji. Mimi silipendi jambo hilo. Bomba hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, nao ukuta hutitia. Lililobanwa huweza kupasuka humo lisimoonekana. Nafasi iliyobaki aliijaza katani yenye lami.

Ndugu yangu akaaye Njombe, kiasi cha kilomita 60 kutoka kwetu, aliongeza jambo moja. Huko Juni na Julai sakitu huonekana alfajiri, na maji yakiganda huongezeka kadiri ya sehemu 9 katika 100. Bomba lake la nje amelivika blanketi kuukuu.