Honi ya Lori la Mbata

Kijana mmoja wa ukoo wetu, baada ya kuvusha gari lake la mtumba la Kijapani kwa kivuko kutoka Nyamisati na kulifikisha kisiwani kwetu Kilindoni kwa bashasha ya bwana harusi, aliniketisha ndani yake, akanionyesha kitufe kilichoandikwa SOS juu ya vichwa vyetu, akasema, "Ami, ukipata ajali, ukibonyeza hiki watu wanakuja." Nikamwuliza ni watu gani hao na watatokea wapi, akacheka, kisha, kwa sauti ya chini, akakiri kwamba taa ya kitufe hicho huwaka nyekundu kutwa na hajui maradhi yake. Nikamwambia kuwa zamani sisi tulikuwa na honi. Akacheka zaidi.

Honi niliyoikusudia ni ya lori la mbata, Bedford lililokuwa likichukua magunia kutoka mashamba ya kaskazini, likapita Kirongwe, hata likashuka Kilindoni penye majahazi. Mimi nilikuwa nikishikilia kwamba lilianza kazi mwaka 1966, marehemu kaka yangu akisema ni baada ya Azimio la Arusha, na nilipofungua daftari la baba nikakuta hesabu ya mbata ya 1968 bila ya kutajwa lori lolote. Basi na iwe hivyo. Lililo dhahiri ni kwamba katika njia ile ya mchanga, ambayo wakati wa masika ilikuwa haipitiki ila kwa rehema ya Mungu, honi ikilia mara tatu kwa kuvuta, watu walijua lori limekwama, wakaacha vifuo vyao, wakaja na majembe, makuti na makumbi ya kutandika chini ya magurudumu. Na ikilia mfululizo bila ya kukatika, walijua yumo mgonjwa au mzazi anayepelekwa hospitali, wakaja mbio zaidi, na kitanda cha kamba mabegani.

Chumvi ya bahari haina huruma na nyaya, kwa hiyo honi ile iliugua mara kwa mara, na tabibu wake alikuwa mzee mmoja ambaye kibanda chake, nyuma ya soko, kilijaa harufu ya risasi ya kulehemu na moshi wa ulimbo, ikichanganyika na ule uvundo mtamu wa mbata uliotuganda hata nguo za Idi. Ala yake kuu ilikuwa balbu ya taa ya nyuma iliyoungwa nyaya mbili, mmoja una sindano na wa pili una kibanio. Alianza kwenye fyuzi, akaenda kwenye kitufe cha usukani, akamalizia kwenye honi yenyewe. Na ikiwa balbu iliwaka pale ilhali honi i kimya, alijua umeme unafika, na ugonjwa umo ndani ya honi au katika waya unaourudisha umeme bodini, ambao aghalabu ulikuwa umeliwa na kutu chini ya boliti. Alifungua, akasugua miguso kwa msasa, akakaza skrubu kidogo kidogo huku ameinamisha sikio. Wala hakupokea ujira hapo hapo. Alimtuma mtoto, aghalabu mimi, akimbie mpaka minazi ya mbali, asikilize, arudi kusema amesikia mara ngapi. Na mtoto akirudi na hesabu isiyolingana, mzee aliifungua honi upya, hata kama mwenye lori ananung'unika na mbata zinangoja jahazi.

Lori lilikufa, fundi akafuata, kibandani sasa huuzwa kava za simu. Ikaja redio ya upepo, zikaja simu za mkononi, ikaja lami ya Utende pamoja na wageni wa papa potwe, na honi ikabaki ya kufukuzia mbuzi na kuitia wachumba. Siwalaumu walionunua simu, nami ninayo. Linaloniudhi ni mtu kusikia honi ya shida barabarani akapita amefunga vioo.

Turudi kwenye kitufe. Huko Japani, ambako huduma ya dharura ya HELPNET ilianza mwaka 2000, na huko Ulaya, ambako tangu tarehe 31 Machi 2018 kila aina mpya ya gari dogo imelazimishwa kuwa na mtambo wa kupiga namba ya dharura 112, gari likigongwa hata mifuko ya hewa ikafumuka, mtambo hupiga simu wenyewe, ukataja mahali gari lilipo kwa kipimo cha setilaiti, na binadamu akajibu. Ndani yake mna kadi ya simu, antena, maikrofoni, na betri ndogo ya akiba, isije ile kubwa ikavunjika katika ajali.

Kwenye gari la kijana wetu, fundi wa siku hizi alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akayasoma makosa, akayafuta yote, taa ikazima, akapokea ujira wake. Kabla ya adhuhuri taa ikawaka tena. Nikamshauri aitazame betri ya akiba. Ilikuwa imekufa kwa uzee. Akatia nyingine, kosa hilo likatoweka, likabaki la pili: hakuna mtandao. Hilo halina spana. Kadi iliyomo ni ya Japani, huduma yake ilikwisha zamani, na hata ingekuwa hai, mwenye kuipokea simu yuko Japani na hana gari la wagonjwa la kuleta Kirongwe. Lililo baya zaidi, mtambo haukuchoka kuutafuta mtandao usiokuwapo, ukawa unainyonya betri kubwa usiku kucha.

Dawa ilikuwa kuing'oa fyuzi yake. Ikang'olewa, taa ikazima, betri ikalala salama. Lakini katika gari lile sauti ya spika moja ya mbele hupitia katika mtambo huo huo, nayo ikanyamaza. Kijana wetu alivumilia siku chache, kisha singeli ikamshinda, akairudisha fyuzi; na sasa kila alfajiri hupiga hodi kwa jirani, akiomba abustiwe betri.