Ifriti wa Kwenye Simu



 Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, tuliombwa tuandike katika jarida letu juu ya adabu za mwanafunzi kama ilivyo kawaida ya kila mwaka. Tumeona tuandike juu ya kosa la mwalimu, kwa kuwa makosa ya wanafunzi yameshaandikwa sana na ya kwetu bado.

Ilikuwa siku ya Jumatano baada ya swala ya Alasiri. Nyuma ya tangi la maji tulikuta watoto sita wamechora duara mchangani, na katikati amesimama mmoja wao, umri wake miaka kumi na moja, amenyoosha mikono juu na kuita kwa nguvu: "Ifriti, njoo!" Wenzake wakajitupa chini wakijigaragaza kama walioungua moto, huku wakicheka.

Sisi hatukucheka. Tulimshika mkono tukamleta mbele ya darasa, tukamuuliza nani kamfundisha kuita majini. Akajibu, "Ni gemu tu, ustadh." Tukafungua daftari lake, na kwenye ukurasa wa mwisho tukakuta mchoro wa dude lenye pembe, makucha yakitoa ndimi za moto, na chini yake ameandika jina kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kutuandikia. Tukauchana ule ukurasa. Kisha tukawaambia watoto thelathini na wanne waliokuwepo kwamba anayeita jini ametoka katika Uislamu, na kwamba shirki haina mzaha. Tuliyasema hayo kwa sauti ya juu, na jioni ile tulikwenda nyumbani tukijiona tumeilinda dini.

Kesho yake hakuja. Wiki ya kwanza tulidhani ana homa, wiki ya pili tulidhani ana hasira. Wiki ya tatu, baada ya swala ya Isha, tulikwenda kwao. Mama yake alitukaribisha barazani, akaleta chai, akasema, "Ustadh, mimi nilidhani unajua kwa nini haji. Mtoto haswali. Nikimwamsha Alfajiri ananiambia, mama, ustadh kasema mimi si Muislamu tena, sasa niswali ya nini?"

Ndugu wasomaji, tumesoma stashahada ya masomo ya Kiislamu, tukafanya mtihani wa aqida na tukaupasi. Tulijua vizuri kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na tulijua jinsi wanazuoni wetu walivyokuwa wazito kumtoa mtu katika dini hata akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Yote hayo tuliyajua, na ile Jumatano hatukukumbuka hata moja. Chai ilipoa mbele yetu.

Mtoto alikuwa nyuma ya pazia. Tulimwita tukamkalisha karibu, tukamwambia kuwa yeye ni Muislamu wala hakutoka popote, kuwa aliyekosea ni sisi, na tukamuomba atusamehe. Hakujibu. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mwisho tukasema, kwa kukosa jingine la kusema, "Basi tuonyeshe huyo Ifriti wako." Hapo ndipo aliponyanyua uso.

Nyumbani kwao hakuna mashine ya kuchezea. Alikuwa akitazama kwa simu ya kaka yake video za mtu mwingine anayecheza. Mchezo wenyewe ni wa Kijapani, unaitwa Final Fantasy, na ulianza mwaka 1987. Alichokuwa akikitazama ni toleo la 16, lililotoka Juni 2023. (Wazazi mjue kwamba toleo hilo huko Ulaya limewekewa alama ya umri wa miaka 18, na baada ya kulitazama tunaelewa sababu. Simu ikiwa mkononi mwa mtoto hakuna anayesoma alama.)

Hadithi yake ni hii. Kuna kijana aitwaye Clive, mtoto wa mtawala, ambaye kazi yake ni kumlinda mdogo wake Joshua. Mdogo huyo amebeba nguvu ya ndege wa moto. Usiku mmoja wanavamiwa, na katikati ya vurugu anatokea Ifriti, dude la moto, anampiga yule mdogo mbele ya macho ya kaka yake. Clive anachukuliwa, anatiwa alama usoni na kufanywa askari mtumwa. Kwa miaka kumi na mitatu anaishi kwa nia moja tu: amtafute Ifriti amuue. Na anapomfikia anakuta kwamba Ifriti ni yeye mwenyewe. Nguvu ile ilikuwa ndani yake, ilimtoka bila yeye kujua, na mikono iliyompiga mdogo wake ni mikono yake. Anataka kufa. Baadaye tu ndipo anapojifunza kuukubali ukweli kuwa ni wake na kuushika usimshike yeye, na baadaye zaidi anakuja kujua kuwa mdogo wake hakufa.

Tulikaa kimya pale barazani. Tulikuja kumkemea mtu kwa kuita zimwi, na tulikuwa tumekaa mbele ya mama ambaye mtoto wake haswali kwa ulimi wetu. Hatukumwambia mtoto hilo.

Tulichomuuliza ni kwa nini anampenda Ifriti. Akasema katika matoleo ya zamani Ifriti alikuwa akiitwa tu, anakuja, anachoma maadui, anaondoka. "Hapa ana huzuni, ustadh." Tulirudi na neno hilo nyumbani. Watunzi hawa walikuwa nalo dude hilo tangu toleo la tatu la mwaka 1990, na kwa miaka mingi lilikuwa zaidi silaha ya kuitwa. Walipotaka mchezaji amjali, hawakumwongezea pembe. Walimpa mtu wa kumpenda na kosa la kubeba. Mtoto wa miaka kumi na moja ameliona hilo kwenye kioo cha simu chenye ufa.

Kisha naye akatuuliza swali: "Ustadh, na Ifriti wa Nabii Sulaiman alikuwa mbaya?"

Hapa ndipo tulipopatwa na aibu ya pili. Mtoto huyu tulikuwa tumemsomesha Surat An-Naml sisi wenyewe. Tulimsahihisha madda na ghunna, tukamrudisha kila alipokosea kituo, lakini kisa cha sura hiyo hatukuwahi kumsimulia hata siku moja. Jina alilikuta katika Qur'ani akalipita, kwa sababu kwetu lilikuwa sauti tu. Alilikuta kwa Wajapani likiwa na moyo.

Basi tukamsimulia pale pale, na mama yake akasogeza kigoda. Kwamba Nabii Sulaiman (A.S) aliuliza katika baraza lake ni nani atakayemletea kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa. Katika aya ya 39 Ifriti katika majini akajitolea kukileta kabla Nabii hajainuka mahali pake, akajisifu kwa nguvu na uaminifu. Na katika aya ya 40 akasema yule aliyekuwa na elimu ya Kitabu kwamba yeye atakileta kabla ya kupepesa jicho, na mara kiti kikawa kipo. Kwa hiyo, tukamwambia, katika aya ile Ifriti hatajwi kwa ubaya. Yeye ni mtumishi mwenye nguvu nyingi, ila nguvu zake zimepitwa na elimu. Wala hakuitwa na mtoto kwenye duara: majini walitiishwa kwa Nabii Sulaiman kwa amri ya Allah, na ufalme ule aliuomba usimpate mwingine baada yake, kama ilivyo katika Surat Saad aya ya 35. Ndiyo maana sisi hatuwaiti. Maneno hayo yalichukua dakika kumi. Tungeliyasema nyuma ya tangi la maji tusingelikuwa na haja ya kuja kwao.

Tangu siku ile tukawa tunauliza, na wanafunzi wakawa walimu wetu. Tumejifunza kwamba majina katika michezo hii na katika katuni za Kijapani, anime, hayaingii kwa njia moja. Mengine ni kama nguo ya mtumba, huvaliwa na yeyote. Katika Final Fantasy yupo Shiva, jina la mungu wa Mabaniani wa kiume, na humo ni mwanamke wa barafu. Yupo Bahamut, mfalme wa madragoni. Huyo katika masimulizi ya kale ya Waarabu, yasiyomo katika Qur'ani, alikuwa samaki mkubwa aliyebeba dunia, akageuzwa dragoni na mchezo wa Kimarekani wa miaka ya 1970 uitwao Dungeons & Dragons, na Wajapani wakampokea akiwa hivyo. Mengine huchukuliwa pamoja na maana yake. Moto wa Ifriti una asili, kwani Surat Ar-Rahman aya ya 15 inatuambia jini ameumbwa kwa moto. Na katika Naruto, ya Masashi Kishimoto, nguvu za macho zinaitwa Amaterasu na Tsukuyomi, kwa sababu katika kitabu cha kale cha Wajapani, Kojiki cha mwaka 712, miungu yao hiyo miwili ilizaliwa baba yao alipoosha macho yake. Mtoto wa Kijapani huenda akalijua hilo tangu shuleni. Wa kwetu humeza jina bila kujua amemeza nini.

Lakini lililotushughulisha zaidi lililetwa na binti wa darasa la juu. Alituambia kwa adabu kwamba tunahangaika na Ifriti wakati jambo kubwa liko kwenye Magi. Hii ni hadithi ya michoro ya Shinobu Ohtaka, iliyochapwa kuanzia 2009 hadi 2017, na katuni yake ikatoka 2012. Humo wamo Aladdin, Alibaba na Sindbad, watu ambao babu zetu wa pwani waliwajua kwa Alfu Lela Ulela. Wamo majini wanaokaa ndani ya vyombo vya chuma wakimtumikia mwenye chombo. Na yumo Mfalme Solomon, ambaye katika sehemu za mbele za vitabu, si katika katuni, anaasi juu ya majaaliwa na kumnyang'anya mamlaka mungu wa ulimwengu wake. Na jina la mungu huyo limetungwa kwa Kiarabu. Binti akasema, "Ustadh, mimi najua ni hadithi. Ila mdogo wangu aliniuliza kama Nabii Sulaiman aliwahi kumpinga Mungu."

Majina ya majini hao tuliyafuatilia. Hayakutoka kwa Waarabu bali katika kitabu cha uchawi cha Ulaya cha karne ya 17, kinachodai kuwa Sulaiman alikuwa na mashetani sabini na wawili aliowafungia chomboni. Tulipofika hapo tulitabasamu peke yetu, maana uzushi huo ni mkongwe kuliko katuni zote. Surat Al-Baqarah aya ya 102 imemsafisha Nabii Sulaiman na ukafiri, na kueleza kwamba waliokufuru ni mashetani waliowafundisha watu uchawi. Aya tuliyozoea kuisoma kwa ajili ya kinga ilikuwa na jibu la swali la mtoto wa mtaani kwetu.

Wapo wenzetu walimu waliotushauri tupige marufuku yote na tufunge mjadala. Wana haki ya kuogopa, na kuna vitu humo ambavyo hata sisi hatutaki watoto wavione. Ila simu hatuzishiki sisi, na marufuku tulishaijaribu Jumatano ile.

Tulichokifanya ni kutenga nusu saa ya kila Alhamisi kwa visa vya Qur'ani. Alhamisi ya kwanza tulisimulia kifo cha Nabii Sulaiman kilichomo katika Surat Sabaa aya ya 14. Alikufa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu wakidhani anawatazama, mpaka mnyama wa ardhini alipoila ile fimbo akaanguka, ndipo ikabainika kuwa hawajui ya ghaibu. Darasa zima lilinyamaza. Mtoto mmoja wa nyuma akauliza walifanya kazi siku ngapi hali ya kuwa amekufa. Tukamwambia aya haikutaja.

Yule kijana wetu alirudi Jumamosi iliyofuata. Tulisimama mbele ya wale thelathini na wanne tukasema tulikosea, na kwamba mwenzao ni Muislamu kama wao. Wengine walitazamana, kwa kuwa hawajazoea. Kuhusu mchoro tuliouchana hakuuliza, na mas'ala ya kuchora yana mjadala wake ambao hatutaufungua hapa. Daftari jipya tulimnunulia.

Wiki ile ilimwangukia zamu ya kusoma Surat An-Naml. Alianza aya ya 15, akapita kwa chungu, akapita kwa hudhud na habari ya Sabaa, bila kusimamishwa. Alipofika aya ya 39 alinyanyua macho akatutazama kidogo, kisha akaendelea na aya ya 40.