Mlango wa pili: desturi ya kujiandaa na maji kwetu Uvira

Sisi wana wa Uvira tunaishi kati ya wazee wawili wasiochezewa: mlima uko nyuma ya mgongo, ziwa liko mbele ya macho. Katikati yao kuna kipande chembamba cha ardhi, na juu ya kipande hicho tumejenga nyumba, masoko, makanisa, misikiti, shule na butiki. Mito inashuka kutoka milima ya Mitumba na kuukata mji: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Wakati wa kiangazi mtoto anavuka Mulongwe bila kulowesha magoti. Mgeni akifika mwezi wa saba na kuona mawe makubwa kama ng'ombe yamelala mtoni, anauliza: "Nani aliyaleta hapa?" Tukimjibu kwamba ni maji, anadhani tunamtania.

Chama chetu kilipoomba kila mmoja aandike juu ya desturi moja ya kwetu, wengine walichagua mahari, wengine ngoma, wengine hadithi za kando ya moto. Sisi tumechagua kazi ambayo wengi hawaiiti desturi: namna wazee wetu walivyotayarisha nyumba na biashara kabla ya mvua. Tunaiita desturi kwa sababu tuliirithi, kisha tukaiacha, na kuiacha kwetu kukawa na bei yake.

Marehemu baba yetu hakusoma sana, lakini alikuwa na kalenda yake. Mwishoni mwa mwezi wa nane, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, alitukusanya watoto wote uani. Kazi zilikuwa nne.

Ya kwanza ilikuwa mufereji. Tulichimba upya mufereji uliozunguka parsele, kuanzia upande wa mlima mpaka barabarani, tukatoa mchanga na takataka za mwaka mzima. Mzee alikuwa akisema: maji ni mgeni mwenye haraka, ukimwonyesha njia atapita, ukimfungia ataingia kwa nguvu.

Ya pili ilikuwa kuinua vitu. Magunia ya unga wa muhogo, mchele na maharagi yalilala juu ya mbao, na mbao juu ya mawe, kimo cha goti. Chumvi na sukari zilipanda juu zaidi, maana hizo zikiguswa na maji hakuna cha kuokoa.

Ya tatu ilikuwa makaratasi: karatasi za parsele, za kuzaliwa, za shule, za ubatizo. Yote yaliingia katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mwingine, kisha ukatundikwa kwenye boriti karibu na mlango. Karibu na mlango, si chumbani, kwa sababu usiku wa maji hakuna muda wa kutafuta.

Ya nne ilikuwa kapu la ndagala kavu. Baba alilipeleka yeye mwenyewe kwa rafiki yake aliyekaa juu, upande wa mlima, penye mwamba, mbali na korongo. Kila mara alirudi na mihogo au mkungu wa ndizi. Sisi watoto tulidhani ni urafiki wa wazee tu. Siku moja tukamwuliza, akajibu: "Kule ni mlango wetu wa pili. Mlango usiofunguliwa unashika kutu."

Baba alifariki mwaka 2009. Kwa miaka kadhaa tuliendelea, ingawa kwa uvivu. Halafu ikaja 2014. Mshahara wa mwalimu wa sekondari mnaujua. Tuliamua kujenga vyumba viwili vya kupangisha, na parsele ilikuwa ndogo, basi tukajenga juu ya mufereji. Fundi alituuliza: "Mwalimu, na maji yatapitia wapi?" Tukamjibu kwamba miaka hii yote hayajafika. Diploma yetu ya jiografia ilikuwa imetundikwa ukutani. Darasani tulifundisha mmomonyoko wa udongo, tukichora mishale ya maji ubaoni, na nyumbani tukaziba njia ya maji. Mwaka huo huo tukaacha na kapu. Tulijiambia kwamba tuna kazi nyingi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu. Kitu tulichosikia kwanza hakikuwa maji, kilikuwa mawe: yaligongana mtoni kama magari mazito. Kisha sauti za vijana wa avenyu: "Muamuke! Mayi inakuya! Mutoke!" Tulishika watoto mikono. Hatukuwa na tochi tayari, wala mfuko karibu na mlango. Miguu yenyewe ilitupeleka juu, kwa rafiki wa baba. Kwa miaka sita hatukuwa tumepeleka pale hata ndagala moja. Tulibisha hodi kwa haya. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa wakati ule alikuwa amekwisha kuwa mjane, alifungua akiwa amejifunika kitenge. Akasema: "Ingieni. Muko wangapi? Hesabuni watoto." Hakuongeza neno.

Asubuhi tulishuka. Mto ulikuwa umejitengenezea njia mpya kati ya nyumba za watu. Katika mji wetu makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Mitambo ya REGIDESO nayo iliharibiwa, hata mji uliojaa maji ukakosa maji ya kunywa. Diploma ilikwenda na matope, na karatasi za parsele pia. Lakini vyumba vyetu vya kupangisha vilikuwa vimesimama. Tulikuwa karibu kufurahi, mpaka tukaona alama. Matope yalifika kwenye ukuta wetu imara, yakapiga kona, yakaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma wa butiki ya mama jirani.

Mama yule alikuwa ametoka salama na wajukuu wake. Kisha akarudi kuchukua sanduku la pesa. Pesa zile hazikuwa zake peke yake: zilikuwa za likilimba, akina mama wa sokoni walikuwa wamemkabidhi azilinde mpaka siku ya kumpa mwenye zamu. Aliona aibu kuwapotezea wenzake. Hakutoka tena.

Hatusemi kwamba ukuta wetu ndio uliomwua. Maji ya usiku ule yangeweza kumfikia bila sisi. Lakini hatuwezi kusema pia kwamba ukuta ule haukuwa na sehemu yake. Familia yake haikutudai kitu, na hilo ndilo lililotunyima usingizi zaidi. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule tulivibomoa vyumba vile na kuchimba mufereji upya pale pale ulipokuwa. Waswahili wanasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejifunza kwamba kuna ukuta mwingine ambao ukiujenga kwako unafungua ufa kwa mwenzako.

Tangu pale, tunapofundisha jiografia ya mji wetu, tunawaambia wanafunzi kwamba Uvira ina maji ya aina mbili, na kila aina ina maandalizi yake.

Maji ya mlima ni ya haraka. Yanakuja usiku kwa saa chache, na yanaleta mawe. Hapo hauokoi mali, unaokoa watu. Unapanda juu na kwenda kando, mbali na mto. Hufuati bonde, na huvuki maji ya matope hata kama yanafika kwenye magoti tu, maana huoni shimo wala jiwe linalokuja. Sisi tuliokuwa wanafunzi mwaka 1996 tulifundishwa na vita kufunga mzigo upesi na kwenda mbali. Maji hayataki mwendo huo. Vita unakimbilia ng'ambo ya mpaka. Maji unakimbilia hatua mia tatu juu, bila mzigo, na lazima uwe umejua tangu zamani ni nyumba gani.

Maji ya ziwa ni ya polepole, lakini yakiingia yanakaa. Ziwa Tanganyika linapokea mvua na mito mingi, pamoja na Ruzizi inayotoka Ziwa Kivu, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji mengi zaidi yanapotea kwa kugeuka mvuke chini ya jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa, ziwa linapanda, na halina haraka ya kushuka. Kila mwaka linafika juu karibu na mwezi wa nne au wa tano, kisha linashuka mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga uliwahi kuzibwa na mchanga na majani, ziwa likapanda sana mpaka karibu na mwaka 1878, lilipoufungua tena. Miaka ya 1960 lilipanda tena, na wazee waliotuzaa waliliona. Walituonyesha kwa kidole: "Lilifika hapa." Halafu likarudi nyuma, watu wakasahau, wakajenga pale pale.

Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 lilikuja kuchukua sehemu yake. Nyumba za pwani zilisimama ndani ya maji, njia ya bandari ya Kalundu ikafunikwa, na ng'ambo, Gatumba na Bujumbura, wenzetu wakalia kilio hicho hicho. Watu walianza kuogopa mamba na kiboko karibu na milango yao. Vyoo na visima vilichanganyika, na kipindupindu, ambacho Uvira tunakijua kwa miaka mingi, hakihitaji mwaliko mwingine.

Kwa maji haya ya polepole kuna muda wa kutumia akili. Wanafunzi wetu walichomeka fimbo ufukoni, wakaikata alama kila shubiri moja, wakawa wanaisoma kila Jumamosi. Maji yakipanda alama mbili kabla ya mwezi wa pili kwisha, wanapita kuwaambia wenye nyumba za chini. Anayeambiwa mapema anaweza kung'oa mabati, milango na madirisha, akafukia choo chake, akahama na mali yake. Anayengoja mpaka kitanda kilowe anahama na watoto tu. Na kwa aina zote mbili za maji, bidoni mbili za maji safi yenye mfuniko zisikosekane ndani, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Wafanyabiashara nao wana somo lao. Mwezi wa tatu na wa nne si miezi ya kujaza depo mpaka mlangoni. Anayeuza unga, sukari au simenti afadhali agawe mali yake sehemu mbili, moja chini karibu na wateja, nyingine kwa ndugu aliye juu. Magunia yalale juu ya mbao, hata kama yanachukua nafasi. Daftari ya madeni ifungwe katika plastiki, kwa sababu nusu ya butiki imo ndani ya daftari ile. Na likilimba ya akina mama wa avenyu yetu imebadili sheria yake tangu 2020: pesa hailali. Siku ya kukusanya ndiyo siku ya kumkabidhi mwenye zamu, au inaingia kwenye simu. Hakuna mama atakayerudi tena ndani ya maji kwa ajili ya sanduku.

Kuna na kazi ambayo nyumba moja haiwezi. Mufereji wa parsele yetu ukiwa safi na wa jirani umejaa chupa za plastiki, tumefanya bure. Ndiyo maana tunapenda salongo, ingawa wengine wanaikumbuka kama kazi ya kulazimishwa ya zamani. Tunaipenda ikianzia juu na kushuka, nyumba kwa nyumba, mpaka ziwani. Na huko mlimani, miti iliyokatwa kwa makaa inatakiwa kurudi. Hatumlaumu anayelima mlimani, naye ana watoto. Lakini jembe lake na chumba chetu cha kupangisha ni ndugu: kila mmoja alijitafutia chakula chake, na aliyelipa ni mtu wa chini. Mwezi wa tano 2023, katika mkoa wetu huu huu, watu zaidi ya 400 walikufa kwa maji huko Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe. Wale nao walikaa kati ya mlima na ziwa kama sisi.

Septemba ya mwaka 2020 tulinunua ndagala kavu, tukajaza kapu, tukapanda. Hatukupanda peke yetu. Mjukuu mkubwa wa marehemu jirani yetu, ambaye sasa anaendesha butiki ya nyanya yake, alitufuata. Tulikuwa tumemwomba, na tulikuwa tumemweleza habari ya ukuta kwa midomo yetu wenyewe kabla ya kumwomba. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaenda kununua kapu lake.

Mama mjane alipokea makapu yote mawili. Alituambia: "Mumechelewa, lakini mumefika." Akamtazama yule binti, akauliza kwake wako wangapi, akawahesabu kwa vidole ili asisahau. Tangu hapo tunapanda kila mwaka, na kila mwaka anahesabu upya, kwa sababu watoto wanazaliwa na wengine wanahama.

Ndugu msomaji, mufereji unachimbwa kwa siku moja, na magunia yanainuliwa kwa saa moja. Lakini mlango wa pili haupatikani usiku wa mvua. Kama unao, ufungue kabla haujashika kutu. Kama huna, kiangazi ndicho wakati wa kuutafuta.