Karatasi Yetu Iko Wapi?

Msomaji, ukibandikiwa mlangoni ilani ya kukufurusha, huenda ukalia au ukagombana. Mwanafunzi wa sheria aliye mafunzoni kazini hutazama tarehe kwanza. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka ilani ya maandishi ya miezi 3 hata kwa waliokalia ardhi bila idhini ya mwenyewe, nao wana ruhusa ya kukimbilia mahakamani.

Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, walipewa siku 7 tu mwaka 2011. Novemba mwaka huo vibanda vyao vikabomolewa, ilhali mahakama ilikuwa imekwisha kutoa amri ya kuzuia. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 ilisema kwamba wasio na ardhi wakijenga makao katika ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wana haki ya makazi inayopaswa kulindwa. Karibu miaka 10 ya karatasi!

Mpwa wangu, mzaliwa wa Korbesa kule Merti, alifanya mafunzo hayo Nairobi, katika ofisi ya msaada wa sheria. Hakuruhusiwa kusimama mbele ya hakimu. Hiyo ni kazi ya wakili. Yeye aliketi na wapangaji, akaandika maelezo yao, akapanga risiti za kodi kwa tarehe. Wako wanaoidharau kazi hiyo wakiiita ya ukarani. Nawauliza, bila karani huyo wakili ataingia kortini na nini?

Alipokuja likizo, mzee mmoja alimwuliza: "Mwanangu, na sisi karatasi yetu iko wapi?"

Malisho ya Korbesa hayana ua. Wazee wa dedha ndio huamua mifugo ilishe wapi masika na wapi kiangazi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaitambua milki ya namna hiyo. Hata hivyo, ardhi ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana, nayo hairuhusiwi kuiuza. Ili jamii ipate cheti chake, sharti ijiandikishe yenyewe. Je, akija mtu na ramani yake kabla ya hapo, wazee watamwonyesha nini?

Binti akatoa daftari lile lile la Nairobi. Kisima hiki kilichimbwa na ukoo gani? Zamu ya kunywesha hupangwa na nani? Wazee wakabishana juu ya mpaka mmoja tu hadi jua likazama, na kesho yake asubuhi wakarudi kuendelea.