Nipe Sukari, Mama

Bega langu la kulia lilipasuliwa Dar es Salaam, baada ya bodaboda kunibwaga kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Kang'ata. Kati ya misuli minne midogo inayolishika bega, mmoja ulikuwa umechanika kutoka kwenye mfupa. Upasuaji ulisubiri wiki tatu kwa sababu sukari yangu ilikuwa juu, na daktari hakutaka kufungua mwili ambao kidonda chake kingechelewa kufunga. Sina malalamiko. Malalamiko yangu yanaanza niliporudi Kang'ata kuuguzwa na mama, na mengi yananihusu mwenyewe.

Mama alijua nina kisukari. Hakujua kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nimehama kwenye vidonge, natumia insulini. Sikumwambia kwa sababu ya mjomba. Kaka yake huyo alianzishiwa sindano mguu ukiwa umeshaoza, akafariki kabla mwezi haujaisha, na tangu hapo mama ana hesabu moja: ukianza sindano, umekwisha. Mimi, mwandishi wa habari mwenye makala za afya zisizo na idadi, nikashindwa kubishana na mama yangu. Nikaona rahisi kuficha.

Ni rahisi ukiwa na mikono miwili. Insulini yangu ni ile yenye ukungu mweupe. Kabla ya kuivuta inabidi uviringishe kichupa kati ya viganja mpaka ichanganyike. Na mkono wa kulia ulikuwa umetundikwa shingoni. Basi nikawa nakiviringisha juu ya paja, nakipindua na kukibana kwa magoti, navuta kwa mkono wa kushoto, mlango nimeuzuia kwa stuli. Friji hatuna, kwa hiyo nilikiweka kwenye chungu kidogo kilichozamishwa katika mchanga wenye maji. Joto halikunitisha sana. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia joto lililopimwa Dagahaley, kwenye kambi za Dadaab nchini Kenya: insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Mama alipoulizia chungu, nikasema ni dawa ya bega.

"Bega lina dawa ya kuzikwa mchangani?" akauliza, akaendelea kupukuchua mahindi.

Mchana nilikuwa na mazoezi. Unainama, unauacha mkono uning'inie, unauzungusha taratibu. Zoezi lina jina la Codman, daktari wa Boston ambaye mwaka 1934 aliandika juu ya bega lililoganda. Wenye kisukari hupatwa na kuganda huko kuliko watu wengine, kwa hiyo sikuruka hata siku moja. Watoto wa jirani wakanibatiza Tembo, kwa ule mkonga. Nilisoma pia, ila vitabu vyembamba vya kushikika kwa mkono mmoja. Nagona ya Kezilahabi nimeimaliza mara mbili na bado sijaielewa, tena safari hii siwezi kusingizia bega.

Wiki ya pili, usiku, nilivuta dawa kwa mwanga wa simu nikakosea mstari. Ugali nao sikuumaliza, maumivu yalikuwa yamenikata hamu. Saa nane nikaamka nimelowa jasho, moyo unakimbia, midomo imekufa ganzi. Nikajikokota mpaka mlangoni kwa mama.

"Mama, nipe sukari."

"Sukari gani?"

"Ya chai. Vijiko vinne."

"Wewe si una sukari, baba? Unataka nikuue?"

Neno hilo nimeliandika magazetini miaka yote bila kulisikia. Ugonjwa tunauita sukari. Kwa mama, basi, ile ya kwenye kopo ndiyo sumu yenyewe. Nikaja kujua kwamba alikuwa amelihamishia kopo chini ya kitanda chake ili nisiliguse. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inafichana.

"Nimejichoma sindano, mama. Nimezidisha. Sukari imeshuka."

Hakusema kitu. Alilivuta kopo, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akanishikia mpaka nikamaliza.

Asubuhi alinipa uji kwanza, ndipo akauliza.

"Ulianza lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Mwaka wa tatu. Na kaka yangu hakumaliza mwezi."

Nikamweleza kwamba sindano haikumuua mjomba, ilimkuta amechelewa. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza kwenye makala, nikiitetea sindano yangu.

"Kwa hiyo tungempeleka mapema," alisema.

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Miaka yote alikuwa na sindano ya kulaumu, nami nimemnyang'anya. Nilitafuta jibu lisilomuumiza, sikulipata. Uji ukapoa.

Baadaye alinawa mikono akaniambia nimwonyeshe kichupa kinavyoviringishwa. Alikiviringisha kwa viganja vyake vilivyokauka kwa mahindi, polepole mno. Mistari ya bomba haioni vizuri, kwa hiyo nilimsomea mimi. Akachoma tumboni nilipomwonyesha, akahesabu kwa Kizigua mpaka kumi, akachomoa.

"Imeuma?"

"Hapana."

"Mjomba wako naye alisema haiumi," akasema, akatoka kwenda kumwaga maji.