Maswali Mawili ya Safari

Mwaka 2019 nilipanda basi mjini London kwenda kumtazama ndugu yangu aliyelazwa hospitali. Sarufi ya Kiingereza niliifundisha, lakini maneno ya safari sikuwa nayo. Nilimpa dereva noti, akaikataa, kwani mabasi ya huko yaliacha kupokea fedha taslimu mwaka 2014; nikalipa kwa kadi ya benki. Kondakta hakuwapo. Nilipoiona hospitali nilipaza sauti kama nilivyozoea Nairobi, basi likapita. Bibi mmoja akanionyesha kitufe cha kengele. Nilirudi kwa miguu, nikakuta saa ya kuwaona wagonjwa imekwisha.

Siku ya pili nilimwuliza dereva kabla ya kuketi: “Does this bus go to the hospital, please?” yaani, je, basi hili lafika hospitali? Kisha: “Could you tell me where to get off?” yaani, tafadhali niambie nishukie wapi. Akaniambia kwa upole, nami nikamshukuru: “Thank you.” Nilimkuta ndugu yangu akiutazama mlango.

Wasomaji wangu, kuuliza si ujinga. Elimu yangu ya miaka mingi ilipungukiwa na maswali mawili.